Waswidi ni kabila, taifa au raia? Naomba msaada wa kusahihisha makala

karani_wa_makala

Habari zenu wanajukwaa. Nahariri makala ya Kiswahili kuhusu Waswidi kwa msomaji wa kawaida, asiye mtaalamu. Rasimu niliyokabidhiwa ina sentensi zinazonitia shaka, lakini sitaki kuzifuta kabla sijapata cha kuweka mahali pake. Hizi hapa:

1. "Waswidi ni kabila la Kijerumani na ni asilimia 80 ya watu wa Uswidi."
2. "Ni wazao wa Waviking."
3. "Majina yao ya ukoo huishia na -son tangu enzi za kale."
4. "Lucia, sikukuu ya katikati ya kiangazi na vazi la taifa la bluu na manjano ni mila za kipagani za kale."
5. "Huitana kwa jina la kwanza hata mbele ya wakubwa, kwa kuwa wamekuwa sawa siku zote."

Mwishoni kuna kisanduku cha chakula kimoja. Kipi kinafaa? Naomba vipimo halisi, "kiasi cha kutosha" sitaki.

---

mzee_wa_sensa

Anza na sentensi ya kwanza, maana ndiyo mbovu kupita zote. Shirika la takwimu la Uswidi, Statistiska centralbyrån (SCB), halihesabu kabila. Rejista ya watu haina safu ya kabila, dini wala lugha ya mama. Kinachojulikana ni nchi uliyozaliwa na nchi walizozaliwa wazazi wako, basi. Hizo asilimia 80 zinazozunguka mitandaoni ni watu waliozaliwa ndani ya Uswidi, kwa kuwa mkazi mmoja hivi kati ya watano amezaliwa nje. Anayeigeuza kuwa hesabu ya kabila anamwingiza mtoto wa wazazi wa Kibosnia aliyezaliwa Malmö, anamwingiza Msami (mtu wa asili wa kaskazini) wa Kiruna, halafu anamtoa binti wa wazazi wa Kiswidi aliyezaliwa Oslo wazazi wake wakiwa kazini. Hiyo si hesabu.

SCB wana kipimo chao kinachoitwa *utländsk bakgrund*, "asili ya nje": aliyezaliwa nje ya nchi, au aliyezaliwa Uswidi na wazazi wote wawili wakiwa wamezaliwa nje. Mzazi mmoja akiwa amezaliwa Uswidi, mtoto anaingia upande wa pili. Ukitaka asilimia, tumia kipimo hiki na useme wazi maana yake. Idadi ya watu ilivuka milioni 10 Januari 2017, na sasa ni zaidi ya milioni 10.5.

Neno *svensk* lina maana tatu, na hazilali juu ya watu walewale:

Kwanza raia. Pili mtu ambaye Kiswidi ndicho lugha ya nyumbani kwao. Tatu mtu wa ukoo wa huko. Finland ina wazungumzaji wa Kiswidi karibu asilimia 5 ya wananchi, tangu zama za kati, na visiwani Åland wao ndio wengi. Hao ni *finlandssvenskar*, raia wa Finland, na ukiwaita Waswidi tu wengi watakusahihisha. Upande wa pili kuna jamii tano ndani ya Uswidi zinazotambuliwa kisheria kuwa za walio wachache kitaifa: Wasami, Waroma, Wayahudi, Wafini wa Uswidi na watu wa bonde la Torne, ambao lugha yao ni Meänkieli. Wote ni raia, wengi wao kwa karne kadhaa. Wasami peke yao wanatambuliwa pia kuwa watu wa asili, na wana baraza lao, Sametinget, lililofunguliwa Kiruna mwaka 1993. Usiandike "Walapi". Kwao ni tusi, ijapokuwa jimbo bado linaitwa Lappland.

Na tafadhali futa "la Kijerumani". Msomaji wa Kiswahili akiona neno hilo anafikiria Berlin. Andika "wasemaji wa lugha ya Kigermanik ya Kaskazini", jamaa ya Kinorwe na Kidenmaki.

---

dada_runi

Naunga mkono, mzee. Naongeza asili, kwa sababu sentensi ya pili ni nusu ya kweli iliyokaa vibaya.

Viking ilikuwa shughuli, si kabila. Mtu "alikwenda viking", yaani safari ya baharini ya kuvamia au kufanya biashara, kisha akarudi kulima. Walio wengi hawakutoka kijijini. Pembe kwenye kofia ni uzushi wa karne ya 19. Kilicho cha Uswidi hasa ni kwamba safari zao nyingi zilielekea mashariki, kwa mito ya Urusi hadi Bahari ya Kaspi na Konstantinopoli. Ushahidi uko ardhini: hazina ya Spillings, kisiwani Gotland, iliyochimbuliwa mwaka 1999, ina kilo 67 hivi za fedha na sarafu zaidi ya 14,000, karibu zote dirhamu za Kiarabu. Mfano huo mmoja utamshika msomaji kuliko aya tatu za mapanga.

Jina lenyewe ni la kale. Mwandishi wa Kirumi Tacitus aliwataja *Suiones* mwaka 98. Hao ni *svear*, waliokaa kuzunguka ziwa Mälaren, na Sverige ni *Svea rike*, milki ya svear. Kusini yao walikuwapo *götar*. Mfalme wa kwanza tunayejua kwa hakika kwamba alitawala pande zote mbili ni Olof Skötkonung, ambaye pia aliamuru sarafu za kwanza za Uswidi zipigwe mjini Sigtuna mnamo 995. Kwa hiyo hata mwanzoni hawakuwa kabila moja.

Kisha ongeza wageni, maana bila wao picha haikamiliki. Wafanyabiashara wa Kijerumani (hao kweli wa Kijerumani) walijaa Visby na Stockholm zama za kati na kuacha maneno ya soko na mji: *betala*, kulipa, *fönster*, dirisha, *borgmästare*, meya. Ni kama "bei" na "hesabu" zilivyoingia kwetu kutoka Kiarabu. Mwishoni mwa karne ya 16 wakaja Wafini wa misituni, waliochoma misitu ya Värmland na kupanda nafaka ya rai, *råg*, kwenye majivu. Karne ya 17 wakaja wahunzi Wawaloni kutoka Ubelgiji ya leo, wakafua chuma kwenye viwanda vya Uppland.

Mipaka nayo ni ya juzi. Mikoa ya kusini ya Skåne na Blekinge ilikuwa ya Denmark hadi mkataba wa Roskilde, 1658. Chuo kikuu cha Lund kilianzishwa mwaka 1666, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuwafanya mapadri wa Skåne kuwa wa Kiswidi. Mashariki, Finland ilikuwa sehemu ya Uswidi kwa karne sita hivi hadi Urusi ilipoitwaa mwaka 1809. Mchoro wa ramani unaouona leo ni matokeo ya pigo hilo.

Sentensi ya pili iandikwe hivi: "Walitokana na svear, götar na watu wengine wa Skandinavia ya kati na kusini, wakachanganyika na Wajerumani, Wafini na Wawaloni." Waviking wapewe sentensi yao wenyewe.

---

mchimba_madaftari

Majina. Sentensi ya tatu imegeuzwa miguu juu kichwa chini: *-son* ni ya kale, lakini kama jina la ukoo ni changa.

Per Andersson ni Per, mwana wa Anders. Mwanawe Karl anaitwa Karl Persson, bintiye Anna anaitwa Anna Persdotter, na Anna akiolewa anabaki Persdotter. Kwa hiyo katika nyumba moja baba, mama na watoto walikuwa na majina matatu au manne. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 watu walianza kugandisha jina, wajukuu wa Anders wakawa Andersson wote, na amri ya mwaka 1901 ya majina ya ukoo ikaifunga desturi hiyo. Leo sheria ya majina ya 2017 inaruhusu tena mtoto aitwe kwa jina la mzazi wake likiongezwa -son au -dotter.

Aina nyingine, kwa ufupi. Watu wa mjini waliunganisha vitu vya asili: *Lind* (mti) na *kvist* (kijiti), *Berg* (mlima) na *ström* (mkondo). Wachungaji na wasomi walijipa mkia wa Kilatini au Kigiriki: baba yake Carl Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea, alizaliwa Nils Ingemarsson, akajiita Linnaeus kutokana na mti wa lind uliokuwa kwao. Askari walipewa majina mafupi, *Rask* (mwepesi), *Modig* (jasiri), *Dolk* (jambia), kwa kuwa kikosi chenye Andersson kumi hakiamrishiki. Hapa ndipo watafutaji wa ukoo wanapoanguka: jina la askari mara nyingi lilikaa na kibanda chake, si na damu. Rask akifa, askari mpya anayehamia kibandani anaitwa Rask naye. Wawili hao si ndugu.

Sasa jambo ambalo rasimu yako haina kabisa, nami naliona ndilo moyo wa habari yote. Kilichowaunganisha Waswidi ni daftari. Sheria ya kanisa ya 1686 ilimtaka mchungaji wa kila usharika aandike watu wake wote na kuwapima katekisimu. Kila mwaka alizunguka, akakusanya watu wa mashamba kadhaa kwenye nyumba moja, akawasomesha mmojammoja. Kikao hicho kiliitwa *husförhör*. Ukurasa wa daftari lake ni shamba moja: mume, mke, watoto, kisha watumishi, *dräng* wa kiume na *piga* wa kike. Safu zake ni tarehe na usharika wa kuzaliwa, ametoka wapi, amehamia wapi na lini, na alama za kusoma na kuelewa. Asiyejua katekisimu hakufungishwa ndoa. Ndiyo maana wakulima maskini walijua kusoma kabla ya sheria ya shule za umma ya 1842, ijapokuwa kuandika wengi hawakujua. Juu ya madaftari hayo dola ikaanza takwimu za watu za nchi nzima mwaka 1749, na uandikishaji wa watu ulibaki mikononi mwa kanisa hadi 1 Julai 1991, ulipohamia kwa mamlaka ya kodi, leo Skatteverket.

Kama makala itagusa wazao wa wahamiaji (zaidi ya Waswidi milioni moja walikwenda Amerika kati ya miaka ya 1850 na 1930), weka njia hii ya kuwatafuta:

Tafuta kwanza jina la usharika na tarehe ya kuzaliwa. Jina la mtu peke yake halifai kitu. "Göteborg" kwenye karatasi za Marekani kwa kawaida ni bandari aliyopandia meli, si kwao. Ukishapata usharika, fungua *husförhörslängd* (daftari la husförhör) ya miaka hiyo kwenye tovuti ya Riksarkivet, hifadhi ya nyaraka ya taifa, picha zake ni bure. Madaftari ya kuanzia 1895 yanaitwa *församlingsbok*. Mfuate mtu kwa namba ya ukurasa iliyoandikwa kwenye safu ya kuhama, kisha urudi kwenye daftari la ubatizo kuhakikisha. Kosa la kila siku ni kumchukua Anders Persson wa kwanza anayeonekana. Kijiji kimoja kinaweza kuwa naye watatu. Linganisha tarehe na jina la mama. Vitabu vya zamani huandika siku kwa sikukuu, mfano Jumapili ya kwanza ya Majilio, basi inabidi kalenda ya kanisa iwe mkononi. Na mtu akikuletea ndugu aliyezaliwa 20 Februari 1753, mkatalie: baada ya 17 Februari mwaka huo ilifuata 1 Machi. Ila 30 Februari 1712 ilikuwepo kweli. Uswidi ilikuwa imejifunga kwenye kalenda yake yenyewe, ikalazimika kuongeza siku ili itoke.

---

karani_wa_makala

Mchimba, shikamoo yako naipokea kwa mikono miwili hata kama hukuitoa. Hiyo ya daftari inakuwa aya ya pili. Nani ana ya sikukuu?

---

bibi_wa_sikukuu

Sikukuu nazifahamu. Neno "kipagani" liondoe kote, halina ushahidi wa kulibeba.

Lucia, 13 Desemba. Mtakatifu wa Sicilia, sauti ya wimbo wa Napoli, na desturi iliyoota kwenye majumba ya wakubwa ya magharibi mwa Uswidi. Msichana wa nguo nyeupe anatajwa kwa mara ya kwanza mwaka 1764, huko Västergötland. Nchi nzima iliipata baadaye mno, baada ya gazeti moja la Stockholm kuendesha shindano la kumchagua Lucia mwaka 1927. Chini ya taji la mishumaa huwekwa kitambaa kibichi, la sivyo nta inaingia kwenye nywele. Watoto siku hizi huvaa taji la betri.

Katikati ya kiangazi, *midsommar*. Tangu 1953 mkesha wake ni Ijumaa inayoangukia kati ya 19 na 25 Juni. Kabla ya hapo ilikuwa 23 Juni daima. Mlingoti wake, *majstång*, unafungwa majani na maua ukiwa umelala chini, pete mbili zinaning'inia kwenye mkono wa msalaba, kisha unasimamishwa kidogokidogo kwa miti yenye panda, jozi fupi kwanza na ndefu baadaye. Watu wakiacha jozi fupi kabla ndefu hazijashika, mlingoti unalala upande. Jina halihusu mwezi wa Mei: *maja* ni kupamba kwa majani. Wale wanaosema ni alama ya uume wa mungu fulani hawana hati hata moja. Mlingoti unaelekea ulitoka Ujerumani mwishoni mwa zama za kati.

Vazi la bluu na manjano ni la mwanzoni mwa karne ya 20. Lilibuniwa na Märta Jörgensen na likakaa kabatini kwa miongo, hadi Malkia Silvia alipolivaa siku ya taifa mwaka 1983. Ya zamani ni mavazi ya usharika mmojammoja, hasa Dalarna, ambako mtaalamu akikuona umevaa Leksand au Rättvik anakujua kabla hujafungua mdomo. Usiyachanganye. Anayevaa ya mahali ambapo hana ukoo ataulizwa.

Siku ya taifa, 6 Juni: Gustav Vasa alichaguliwa mfalme siku hiyo mwaka 1523 mjini Strängnäs, na muungano wa Kalmar wa Denmark, Norwe na Uswidi, ulioanza 1397, ukafa. Ilikuwa siku ya bendera tangu 1916, siku ya taifa 1983, siku ya mapumziko 2005, na ili ipatikane, Jumatatu ya Pentekoste iliondolewa. Waswidi wengi bado hawajui waifanyie nini. Midsommar wanaijua.

Yote haya ya kukusanya ngoma, nyumba za magogo na mavazi na kuyafanya ya taifa yana mtu wake: Artur Hazelius, aliyefungua Skansen mjini Stockholm mwaka 1891, makumbusho ya wazi yenye nyumba zilizong'olewa vijijini na kujengwa upya. Mtaje.

---

mwalimu_isimu

Sentensi ya tano: "sawa siku zote" ni uongo mtupu. Hadi miaka ya 1960 Kiswidi kilikuwa na adabu ngumu kuliko ya Kijerumani. Mtu aliitwa kwa cheo, kwa nafsi ya tatu, mbele ya uso wake: "Je, mkurugenzi angependa kahawa?" Usipojua cheo ulikwama, ukageuza sentensi ili isiwe na mtu ndani yake. Neno *ni*, "ninyi", lilikuwepo, lakini lilitumiwa kumwambia asiye na cheo, hivyo likabeba harufu ya dharau. Mwaka 1967 Bror Rexed, mkuu mpya wa mamlaka ya afya, aliwatangazia wafanyakazi kwamba ataita kila mtu *du*, nao wamwite vivyo. Mageuzi yalikuwa yameshaanza, ila jina lake ndilo lililobaki. Ndani ya miaka michache *du* ikaenea kote. Familia ya kifalme tu ndiyo bado huitwa kwa nafsi ya tatu: "Mfalme anaonaje?"

Kosa la mgeni ni kumwambia bibi kizee *ni* akidhani anamheshimu. Bibi wa umri huo anaweza kukumbuka *ni* ya kudharauliwa.

Sasa kitu ambacho msomaji wetu atakipenda. Kiswidi kinatofautisha ndugu wa kuumeni na wa kikeni, kama sisi. *Morbror* ni mjomba, *faster* ni shangazi, *farbror* ni baba mdogo au mkubwa, *moster* ni mama mdogo au mkubwa. Hata bibi ni wawili: *mormor* mzaa mama, *farmor* mzaa baba. Maneno yenyewe yanajieleza, mor-mor, mama wa mama. Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili hapati shida inayompata mwenzake anayefasiri lugha yenye neno moja tu la mjomba na baba mdogo.

Sauti nayo: *anden* ikitamkwa kwa toni moja ni bata, kwa toni ya pili ni roho. Herufi ni zilezile. Wageni wengi huongea miaka na miaka bila kuligundua, na wanaeleweka.

Na *lagom*, "kwa kadiri", ambayo kila makala huifanya falsafa. Kisa cha pembe ya pombe iliyozungushwa ili kila mtu apate fundo lake ni hadithi ya kubuni. *Lagom* ni umbo la kale la *lag*, yaani sheria, "kama inavyostahili". *Jantelagen* ("usijione u mtu") mliyoizoea kuihusisha na Waswidi iliandikwa mwaka 1933 na mwandishi mzaliwa wa Denmark aliyehamia Norwe. Wanaikubali, lakini si yao.

---

mpishi_wa_nadharia

Kisanduku cha chakula: wekeni surströmming, yule samaki aliyechachuka. Watu watasoma.

---

bibi_wa_sikukuu

Watasoma, wataelewa vibaya. Ni chakula cha pwani ya kaskazini, msimu wake kwa desturi huanza Alhamisi ya tatu ya Agosti, na Waswidi wengi wa kusini hawajakionja. Kopo hufura kwa gesi, hufunguliwa nje, na wenye busara hulitoboa ndani ya ndoo ya maji. Si chakula cha taifa hata kidogo.

Weka *inlagd sill*, heringi wa siki. Yupo mezani Krismasi, Pasaka na midsommar, kwa hiyo mapishi mamoja yanabeba mwaka mzima. Msingi wake unaitwa 1-2-3:

- desilita 1 ya *ättika* (siki kali) ya asilimia 12
- desilita 2 za sukari
- desilita 3 za maji

Chemsha hadi sukari iyeyuke, kisha acha ipoe kabisa. Minofu ya heringi wa chumvi, gramu 400 hivi, iloweke usiku kucha kwenye maji baridi, uonje kipande. Ikiwa bado ina chumvi kali, badilisha maji na usubiri saa mbili zaidi. Ikate vipande vya sentimita 2. Panga kwenye chupa ya mdomo mpana kwa tabaka: samaki, kitunguu chekundu, karoti ya duara nyembamba, punje kumi za *kryddpeppar* (allspice) zilizopondwa kidogo, majani mawili makavu ya *lager* (bay). Mimina siki hadi ifunike kila kitu. Friji, siku mbili angalau.

Yanayoharibika: siki ikimiminwa ya moto inampika samaki, anakuwa laini kama uji. Heringi mbichi asiyetiwa chumvi kwanza anavunjika. Na kubwa kuliko yote ni nguvu ya siki. Madukani Uswidi kuna ya asilimia 12 na ya 24, chupa zinafanana. Ukichukua ya 24, tia nusu desilita na uongeze nusu desilita ya maji. Mwenye siki ya kawaida ya asilimia 5 asifuate 1-2-3 kama ilivyo, samaki atakuwa mtamu na hatahifadhika. Atumie desilita 2.4 za siki, 1.6 za maji na 2 za sukari, apate ukali uleule.

Huliwa na viazi vipya vilivyochemshwa na shibiti (wao huiita *dill*), krimu chachu ya *gräddfil* na majani membamba ya kitunguu.

---

mpishi_wa_nadharia

Sawa, nimeshindwa. Lakini fika isikosekane. Neno lenyewe ni kinyume, mchezo uleule wa watoto wetu wa kupindua silabi: *kaffi*, jina la zamani la kahawa, likageuzwa likawa *fika*. Msomaji atacheka kwamba kwao "kufika" ni kukaa na kikombe na andazi. Na andazi lenyewe lina iliki! Kwa desilita 5 za maziwa ya nyuzi 37 wanatia hamira mbichi gramu 50, siagi gramu 150, sukari desilita 1.5, iliki vijiko viwili vya chai, unga gramu 800 hadi 850. Iliki ipondwe papo hapo, ya kopo imeshapoteza harufu. Unga ukizidi kwa woga wa unga kunata, maandazi yanakuwa makavu kesho yake. Ya Lucia hutiwa zafarani gramu moja badala ya iliki, isagwe na sukari kidogo kwenye kinu kwanza ili rangi isambae. Zafarani hukausha unga, kwa hiyo wengi huongeza gramu 250 za *kvarg*, jibini laini.

---

karani_wa_makala

Nashukuruni. Aya ya kwanza sasa: "Waswidi (kwa Kiswidi *svenskar*) ni taifa la Skandinavia linalozungumza lugha ya Kigermanik ya Kaskazini. Neno hilo laweza kumaanisha raia wa Uswidi, msemaji wa Kiswidi, au mtu wa asili ya huko, na makundi haya hayalingani. Dola haihesabu kabila. Mikoa ya kusini, Skåne, Blekinge na Halland, ilitwaliwa kutoka Denmark mwaka 1658."

Swali moja: kwenye faharasa, Åland na Öland niziweke kwenye A na O?

---

mwalimu_isimu

Hapana. Å, Ä na Ö ni herufi kamili na hukaa mwisho baada ya Z, kwa mpangilio huo. Jumla ni herufi 29, kwa kuwa tangu kamusi ya Akademia ya Uswidi ya 2006 W nayo inahesabiwa peke yake, awali iliwekwa pamoja na V. Ukiweka Öland kwenye O, umeandika herufi nyingine.

---

dada_runi

Halland itoe kwenye 1658 au uifafanue, karani. Denmark iliitoa mwaka 1645 kwa mkataba wa Brömsebro, kama dhamana ya miaka 30, na mwaka 1658 ikawa ya kudumu. Gotland, Jämtland na Härjedalen nazo ni za 1645 hiyohiyo.